Mjane wa Pili

Mimi sipendi kuku. Nalisema mapema ili mtu asije akanililia machozi yasiyo yangu. Kuku ni kelele, ni kinyesi mlangoni, ni unyoya ndani ya chai. Kazi yangu ni ususi, saluni yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na siwezi kusema ni mara ngapi nimemkuta Shangazi amekwea kiti cha wateja anajitazama kwenye kioo, anageuza kichwa huku na huku kama anayejiuliza asukwe mtindo gani. Shangazi ni kuku. Alipewa jina hilo kwa ajili ya mdomo wake. Shangazi yetu wa kweli alipopata habari alinuna, tukamwomba radhi, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Kuku walikuwa wa mama. Walikuwa sita, jogoo akiwemo. Jogoo aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu alipenda kusimama mbele za watu na kazi ya maana hakuwa nayo. Bibi Harusi alikuwa mweupe pe. Mwalimu alitangulia kila mahali na kuwadonoa wasiokaa kwenye mstari. Kiziwi aliitwa mpaka koo likauke ndipo aje, tena taratibu. Na Mjane, mweusi ti toka kichwani hadi mkiani, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alianguliwa ndani ya kikapu chini ya kitanda cha mama, mwaka ule aliofariki baba, na mama alipenda kusema kwamba wao wawili walivaa nguo nyeusi pamoja, ila yeye Mjane hakuvua.

Akili ya mama ilikuwa imeanza kumtoka. Haikutoka kwa kishindo. Ilitoka kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lenye tundu, ukija kushtuka limelegea. Ikifika jioni aliniita dada, au "wewe binti wa watu", na mara moja alinipa shikamoo, mimi niliyetoka tumboni mwake. Nilikwenda bafuni nikafungulia bomba nikalia.

Lakini asubuhi alitoka uani na bakuli lake la mtama na pumba, akaita "ku-ku-ku-ku", akawataja mmoja mmoja kwa majina, akawashika matumbo kujua nani ana yai, akamkemea Kiziwi. Akirudi ndani alikuwa mama yangu mzima. Alinijua, akaniita kwa jina langu, akanitania: "Bado unatembea na sura hiyo? Wateja hawakimbii?" Kwa hayo mambo ya asubuhi mimi niliishi siku nzima.

Tulimpeleka hospitali. Daktari, mtu mpole mwenye sauti ya kuchoka, alituambia wazi: kilichokwenda hakirudi, ila mgonjwa huwa na kitu kinachomshika, na kikiwepo msikiondoe. Mdogo wangu akauliza, "Kitu gani?" Mama akajibu kabla ya daktari, akasema haraka turudi nyumbani maana kuku hawajanyweshwa maji. Daktari akatutazama. Basi nikavumilia vinyesi.

Mjane alikufa kifo cha heshima. Hakuugua, hakuhema, hakuacha kula. Alikuwa mzee tu. Nilimkuta amelala ubavu bandani, nikamzika nyuma ya choo kabla mama hajaamka, nikasema moyoni kuku ni kuku, ana wengine watano.

Lo! Sikujua nilichokuwa nakisema. Mama alisimama uani na bakuli mkononi akamwita Mjane mpaka jua likamkolea kichwani. Wale wengine walimzunguka wakimdonoa viatu, hakuwamwagia hata punje, eti haanzi kugawa mpaka wakubwa wafike. Kumwingiza ndani ikawa vita. Alikataa kula. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia kibaka, kisha akaingia saluni, nina wateja wawili, mmoja kichwa nusu, akapaza sauti: "Huyu mwanamke amemchinja Mjane wangu! Sijui hata katokea wapi! Muulizeni kwao ni wapi!" Mteja wangu akacheka akidhani ni mzaha. Aliponiona uso akanyamaza.

Siku iliyofuata ni hivyo hivyo. Na ile iliyofuata. Asubuhi zangu zikaondoka.

Mdogo wangu ni dereva wa lori. Ana moyo mkubwa na mawazo mafupi, Mungu anisamehe, na mimi nampenda hivyo hivyo. Nikamwambia kwa simu, "Mama hanijui tena, hata asubuhi." Akasema, "Dada, kuku mweusi anauzwa wapi asipatikane?"

"Una wazimu?"

"Mama anataka Mjane. Nitamletea Mjane."

Ningekataa. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayejifanya najua. Lakini siku hiyo mama alikuwa ameniuliza kama nimelipwa mshahara wangu, maana alidhani ni msichana wa kazi, na alitaka nifukuzwe kwa heshima. Nikasema, "Basi mlete. Awe mkubwa mkubwa, mwenye maungo ya uzee."

Akaja naye ndani ya tenga, amemnunua kwenye soko la njiani, pale kuku wa kila pembe wanaporundikwa pamoja. Kamba bado iko mguuni. Nikamtazama kuku, nikamtazama yeye.

"Huyu ni mweusi?"

"Ni mweusi."

"Na haya madoa meupe mgongoni ni majivu?"

"Dada, wewe si msusi?" akasema. "Unawapaka mabibi wa watu wenye mvi wanatoka humu wasichana. Kuku mmoja atakushinda?"

Tukacheka. Nataka nilikumbuke hilo, kwamba tulicheka mpaka tukashikana mabega. Tulimfunga kuku kwenye taulo, mdogo wangu akashika miguu, mimi nikachanganya rangi nyeusi ya nywele, nikampaka kwa brashi unyoya kwa unyoya pale kwenye sinki la kuoshea wateja. Nimepaka vichwa vigumu maishani, lakini huyo alizidi. Alitoka hapo mweusi kuliko Mjane mwenyewe, ananuka dawa, anasinzia. Tukadhani amechoka safari. Mdogo wangu akasema, "Amechukia rangi tu, atazoea."

Asubuhi mama akatoka na bakuli. Nilisimama nyuma ya pazia. Akaita. Kuku mgeni hakujua kuitwa, alijikunyata pembeni ya banda, lakini mama akamwendea mwenyewe, akainama, akamtazama sana. Akasema, "Mjane. Umejipaka wanja? Kwa mume yupi?" Akacheka peke yake. Akawamwagia wote mtama bakuli zima, akaingia ndani, akaniona, akasema, "Wewe mtoto, huo uso vipi? Kwani kumekufa mtu?" Kisha akaniita jina langu.

Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia yeye ni mtume wa kuku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami siku ile niliamini kwa roho yangu yote kwamba wenyeji tumepona.

Haikuisha wiki. Yule Mjane wa pili hakuacha kusinzia. Mabawa yakamshuka kama koti la mtu mwenye mabega membamba. Kisha nikawa kwenye kazi yangu, nasuka, nikahisi kuna kitu kimepungua ndani ya nyumba, sikujua ni nini. Nikasimamisha vidole. Ilikuwa kelele. Shangazi alikuwa hapigi kelele.

Nilimkuta chini ya ngazi ya mlango wa nyuma, macho nusu, anahema mdomo wazi, na nyuma yake kinyesi cha maji, kijani kibichi. Nimewakemea hao viumbe miaka na miaka. Nikapiga magoti pale nikamwambia, "Shangazi, hebu nipigie kelele kidogo." Hakunipigia.

Daktari wa mifugo alikuja mchana. Alikuwa mwanamke kijana, mabuti ya mpira miguuni, na kabla ya kuvuka mlango wa uani aliyaosha kwa dawa. Mdogo wangu naye alikuwepo siku hiyo, lori limekwama gereji. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, Mjane wa pili amemlaza mapajani, anampepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyekuja kuwatazama watoto wangu? Anza na huyu mkubwa, wengine ni deko tu."

Daktari akachuchumaa. Akamfungua kuku mdomo, akamwinua bawa, akatazama kinyesi, akatazama vidole vyake vilivyobaki na weusi wa rangi, akavisugua, hakuuliza. Akawakagua na wengine. Kisha akasema, "Kuna kuku mgeni aliyeingia humu siku za karibuni? Wa kununua, wa zawadi, wa jirani?"

Mama akacheka kwa madaha. "Mgeni? Humu haingii kuku wa mtu! Wote hawa nimewalea kwa mikono hii. Huyu Mjane unayemwona kazaliwa chini ya kitanda changu. Muulize binti yangu huyo, si yule pale. Yeye hapendi kuku lakini hasemi uongo."

Daktari akaniangalia mimi. Mdogo wangu akaangalia viatu vyake. Na mimi, mwenye mdomo wa kugombana na mtaa mzima, nikamtazama mama.

"Hakuna," nikasema.

Nilimsindikiza mpaka nje ya lango, ndipo nikamwambia yote, rangi na kila kitu. Nilitegemea anigombeze, na ningempenda kama angenigombeza. Alisikiliza tu, akatikisa kichwa.

"Ni kideri," akasema. "Wengine huita mdondo. Ndiyo ugonjwa wa masoko, kuku mmoja huuchukua hapa akaushusha pale, na mwanzoni anasinzia tu."

"Dawa yake?"

"Haina dawa."

"Daktari, kila kitu kina dawa, sema tu ni ghali."

"Dada yangu, ningeisema. Kuna chanjo, lile tone la jicho. Lakini chanjo humkinga mzima, haimponyi aliyekwisha kuugua, na hawa wamekula bakuli moja. Kwani hawakuwahi kuchanjwa?"

Walichanjwa. Mama hakuwahi kukosa. Kila msimu ulipofika alikwenda mwenyewe na chupa yake ya chai yenye barafu, akairudisha chanjo ikiwa baridi, akawadondoshea jichoni mmoja mmoja huku akiwaimbia. Akili ilipoanza kutoka, na chanjo ilitoka nayo, na mimi nisiyependa kuku sikuwahi hata kujua kwamba kulikuwa na msimu. Nilimweleza daktari hivyo. Akasema pole.

"Sasa nifanye nini?"

"Maji safi, kivuli, uwatenge walioanza kuugua. Anayekufa mzike kwenye shimo refu, umwagie chokaa. Na nakuomba sana, usiingize kuku mwingine humu kwa miezi kadhaa. Atakufa tu."

"Miezi?"

"Miezi."

"Mama yangu hana hiyo miezi," nikamwambia. "Unanielewa? Wakiisha hawa, na mimi nimekwisha. Hatanijua tena."

Alinishika bega. Alikuwa na mkono mzuri, wa mtu anayeshika viumbe. Kisha akaosha mabuti yake tena akaenda zake.

Sasa nisikilizeni jambo la ajabu. Zile siku za ugonjwa, mama alipona. Alikuwa mama wa zamani, yule aliyetulea sisi wawili. Mchana kutwa yuko uani. Alinituma kwa amri: "Wewe, badilisha maji hayo! Kata shubiri ile, ipondeponde. Siyo hivyo, unapika uji? Lete." Aliwanywesha shubiri kwa kijiko cha chai, akawafuta midomo, akawafunika kwa magunia. Nilijua haisaidii kitu. Nilishika midomo ya kuku, mimi huyu, nikawabana kwapani, nikanuka kama wao, wateja wakahama mmoja mmoja na sikujali. Kwa sababu aliniita jina langu asubuhi, mchana, na jioni pia. Hata jioni! Nilikuwa nimepewa kwa mkono mmoja kile nilichokuwa nanyang'anywa kwa mkono mwingine, na hakuna nilichoweza kukizuia.

Akafa Mjane wa pili, akafa Shangazi. Akafa Mwalimu, ametangulia kama kawaida yake kwenda pembeni ya ukuta na kulala huko. Nilichimba mashimo na mdogo wangu, tukamwaga chokaa.

Tatizo lilikuwa kuamka. Mama akilala, vifo vyote vilifutika. Alitoka na bakuli akaita majina yote sita. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli: "Mama, Shangazi amekufa." Akaketi chini pale pale, akamlilia kuku kama mtu, kwikwi mpaka akapaliwa. Kesho yake akaamka, akaita, akauliza, "Shangazi yuko wapi?" Nikaona siwezi kumfisha Shangazi kila siku ya Mungu. Nikasema, "Anatamia, mama."

"Na Mwalimu?"

"Naye anatamia."

"Na Mjane?"

"Anatamia."

Akamgeukia Mwenyekiti, aliyekuwa kasimama peke yake katikati ya ua, akamwambia, "Ala! Kumbe na wewe una kazi!" Nikacheka, nikaingia jikoni, nikauma kitambaa cha vyombo ili nisisikike.

Bibi Harusi alipokufa, mdogo wangu akaja na boksi. Nilisikia likikwaruza kabla hajaliweka chini.

"Nini hicho?"

"Dada, usianze."

"Nimekuuliza, nini hicho?"

"Ni mweupe. Hana hata doa, huyu hahitaji rangi."

Nikampandishia sauti. Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii mdogo wake. Nilimwambia yeye ndiye aliyeleta kifo kwenye nyumba hii kwenye tenga. Akanijibu kwamba nani aliyeshika brashi? Nani aliyesema mlete? Majirani wakachungulia ukutani. Kisha akaketi kwenye ngazi, mtu mzima mwenye ndevu, akasema, "Juzi aliniuliza mimi ni nani. Ile jioni nilipopitia. Kwako anakujua, kwangu ameshasahau. Nilidhani nikimletea kuku kwa mkono wangu, aone ni mimi niliyemletea, labda."

Hakumaliza. Na huko uani mama alikuwa anaita, "Bibi Harusi! Bibi Harusi!" kwa ile sauti inayopanda kidogo kila mara, ambayo nilikuwa nimeanza kuiogopa.

Daktari alikuwa ameniambia. Kwa kinywa chake, langoni, alisema atakufa tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilifungua boksi mimi mwenyewe, nikamsukuma yule kuku mweupe uani. Mama akapiga makofi. Akamwona pia mdogo wangu mlangoni, akasema, "Karibu, baba, umekuja kuchukua mayai?" Hakumjua. Yule kuku mweupe ilimchukua siku chache tu, kisha akaanza kuhema. Kiziwi alimfuata, bila kuitwa hata mara moja.

Akabaki Mwenyekiti. Jogoo yule alikataa kufa. Ugonjwa ulimshika shingo, ikapinda mpaka kichwa kikatazama mgongo, na akitaka kudonoa punje alizunguka, akazunguka, akaanguka. Akiinuka anazunguka tena. Mama alikuwa akimwekea mtama kwenye kiganja na kukifuata kile kichwa kilikopinda, amepiga magoti kwenye vumbi, hachoki. Nilimpigia daktari. Akasema huyo anaweza kuishi hivyo hivyo, lakini shingo hainyooki, na ugonjwa bado uko ndani yake. Akasema, "Mpumzisheni."

Sikuthubutu. Aliyethubutu ni mama. Alimwangalia Mwenyekiti alivyoanguka tena, akamweka mapajani, akamfunika kichwa kwa mtandio wake ili atulie. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lete kisu. Huyu anateseka, na sisi tunajifurahisha." Tulifanya kazi hiyo pamoja, yeye ameshika, mimi nimekata. Baada ya hapo tuliketi kwenye ngazi. Akatazama banda, akatazama chokaa imetapakaa kote, akasema, "Wamekwisha wote, sivyo?"

"Wamekwisha, mama."

"Na Shangazi?"

"Na Shangazi."

Hakulia. Alinishika kichwa akakilaza begani kwake, mkono unanuka damu ya kuku, akaniita jina langu. "Mwanangu," akasema, "tumefanya tulichoweza. La kuvunda halina ubani. Usijilaumu." Nilijibana kwake kama mtoto. Nikawaza, kumbe inawezekana. Kumbe hata bila kuku yupo. Nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia mama amejua, amekubali, na bado ni mama. Akalia kwenye simu, lori linanguruma nyuma yake. Usingizi wa siku hiyo sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Asubuhi nilimsikia mama akienda jikoni, akachota mtama, akatoka uani. Akaita. Niliendelea kupanga vitana vyangu. Nikajiambia ni mazoea tu ya miguu. Akaita tena, akataja majina yote, toka Mjane mpaka Mwenyekiti, taratibu, akisubiri baada ya kila jina. Hakukasirika. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya niweke kitana chini.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapita mpaka saluni. Alikuwa amejitanda mtandio vizuri na kubeba mkoba wake. Akakaa kwenye ukingo wa kiti cha wateja, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti.

"Hamjambo hapa?" akasema.

"Hatujambo, mama."

"Nawashukuru sana kwa kunipokea. Mmenilisha, mmenilaza pazuri. Sasa nimekuja kuaga."

"Kuaga uende wapi, mama? Hapa ni kwako."

Akatabasamu kama anavyotabasamu mtu mwenye adabu akishinikizwa abaki. "Hayo ni maneno ya ukarimu, nimeyapokea. Lakini nimetoka uani, nimeita sana. Hapa kwenu hamfugi. Mimi kwangu nina kuku, na mpaka saa hizi hawajafunguliwa."

"Mama, ni mimi."

"Nina binti yangu huko, msusi. Lakini yeye na kuku, weee! Atawatoa kwa ufagio." Akacheka kidogo, akainama kuninong'oneza kama anayenipa siri. "Ni mkali yule. Ila roho yake ni safi, na akiamka asinione atahangaika. Sipendi ahangaike."

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nikamshika mikono yote miwili. "Mimi ndiye huyo msusi," nikasema. "Mama, nitazame. Ndiye mimi."

Alinitazama kwa wema mwingi. "Na wewe msusi? Hongera, mwanangu, ni kazi nzuri. Basi huenda mnafahamiana."

Nilichukua ufunguo, nikamshika mkono, tukatoka. Tulipita kwa fundi viatu, tukapita dukani, tukapita kwa muuza mkaa aliyemsalimia kwa jina, na mama akaitikia kwa heshima bila kumjua. Nilimzungusha kona zote nne za mtaa, taratibu, nikijiambia atauona mlango wetu kwa mbele, atauona ubao wa saluni, jina langu limeandikwa juu yake kwa rangi nyekundu, na yeye ndiye aliyenichagulia jina lile. Tukafika. Nikafungua mlango.

"Tumefika nyumbani, mama."

Hakutazama ubao. Hakutazama saluni. Alipita moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, akausukuma, akachungulia. Banda lilikuwa wazi. Ardhi yote ilikuwa nyeupe kwa chokaa.

Akarudi, akanishika mkono, akanipigapiga kiganja polepole. Alikuwa ananionea huruma.

"Siyo hapa," akasema. "Pole, mwanangu, nakuchosha. Ila mimi nyumba yangu haiwezi kunipotea. Ina kuku."

Nikafunga mlango, tukatoka tena.